Siku Tano Juu ya Nyuzi 25: Joto la Kiangazi Ayalandi

Wimbi la joto nchini Ayalandi lina kipimo kinachomshangaza mtu aliyekulia Tanga au Mombasa. Kwa kanuni ya Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, wimbi huhesabiwa pale kituo kimoja cha kupimia kinapopata siku tano mfululizo ambazo joto la juu la mchana limepita nyuzi 25 za Selsiasi. Dar es Salaam hupita kiwango hicho hata katika Julai, mwezi wa kipupwe, watu wanapotoka alfajiri na sweta. Kanuni, hata hivyo, haikutungwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Katika Julai ya kawaida mchana wa Ayalandi huishia kati ya nyuzi 18 na 20, na ugumu wa kanuni hauko kwenye ile 25 bali kwenye zile tano. Siku mbili za jua si ajabu. Ya tatu huamka na mawingu, ya nne ikanyesha, na hesabu ikarudi mwanzo.

Kigeugeu hicho kina asili yake. Kisiwa kimekaa pembezoni mwa Atlantiki, kati ya latitudo ya 51 na ya 55 kaskazini, na pepo zake nyingi hutoka kusini-magharibi zikiwa zimebeba unyevu wa bahari. Pwani ya magharibi hupata mvua takriban siku 225 kwa mwaka; upande wa mashariki siku 150 hivi. Bahari hiyohiyo, kwa kuwa mkondo wake umetoka maji ya joto, huzuia baridi kali wakati wa majira ya baridi na huzuia joto kali wakati wa kiangazi. Ili joto lipande kweli, mgandamizo mkubwa wa hewa ulio karibu na visiwa vya Azores hauna budi kusogea kaskazini na kutulia juu ya Ayalandi au Uingereza, huku mkondo wa upepo mkali wa angani ukisukumwa kuelekea Iceland. Hewa hushuka, mawingu huyeyuka, na jua hupata nafasi ya kuwaka karibu saa 17. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza Dublin saa kumi na moja alfajiri na kutua karibu saa nne usiku; huko Mayo, magharibi, huchelewa zaidi. Kwa mtu wa ikweta hilo ni geni kuliko joto lenyewe. Kilele cha joto huja saa kumi au kumi na moja jioni, saa ambazo mgeni alitarajia nafuu, na watoto hupelekwa kulala chumba kikiwa bado cheupe kwa mwanga.

Anayetaka kufuatilia joto hilo kwa namba huanzia Phoenix Park, Dublin. Ni hifadhi ya mjini yenye zaidi ya hekta 700, ambamo paa wenye madoa hujilaza chini ya miti kando ya makazi ya rais, na ambamo pia kuna kituo cha hali ya hewa. Tarehe 18 Julai 2022 kituo hicho kilisoma nyuzi 33.0, kiwango cha juu kabisa kilichopimwa Ayalandi katika karne hii. Kipimajoto rasmi hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa, juu ya nyasi zilizofyekwa, mita moja na kidogo kutoka ardhini. Hayo ndiyo masharti yanayotofautisha kipimo na porojo, kwa maana katika wiki ya joto kila Mdublin ana kipimo chake. Dereva wa teksi huapa kwamba gari lake limeonyesha 36, jambo lisilo na mashaka: gari lilikuwa limeegeshwa juani juu ya lami. Kilomita chache mashariki, upepo wa bahari ukianza kuvuma adhuhuri, ufukwe hupoa na kuachwa nyuma na Phoenix Park kwa nyuzi kadhaa. Mji mmoja unaweza kuwa na wimbi upande wa bustani na usiwe nalo upande wa bandari.

Watu, bila kujali vituo, hukimbilia bandarini. Treni ya pwani hujaa kuelekea Sandycove, na hapo kuna Forty Foot, mahali pa kuogelea penye miamba na ngazi za saruji zinazoshuka moja kwa moja kwenye maji ya kina. Kwa miaka mingi wanaume pekee ndio walioruhusiwa. Wanawake walianza kupadai katika miaka ya 1970, na leo bibi wa miaka sabini huteremka ngazi bila kushtuka. Maji yana nyuzi 14 au 15. Mtu wa Bahari ya Hindi akitia kidole tu huelewa kwa nini vikosi vya uokoaji hutoa tahadhari kila joto linapopanda: mwili uliopashwa na jua ukitumbukia ghafla kwenye baridi hiyo hukosa pumzi, hata wa mwogeleaji hodari. Kila kiangazi cha joto huleta habari za watu waliokufa maji ziwani na mitoni.

Juani kwenyewe kuna tabia ya kutazamwa. Waayalandi wengi wana ngozi nyeupe sana, na saratani ya ngozi ndiyo inayoongoza kati ya saratani zote nchini humo. Losheni ya kukinga jua inauzwa mpaka vituo vya mafuta, na matangazo hayakomi. Pamoja na hayo, jua likitokea watu hulala chini yake vifua wazi kwenye nyasi za bustani, adhuhuri kabisa, kana kwamba kesho litafungiwa. Na mara nyingi ni kweli, kesho hufungiwa. Hapo ndipo akili ya tabia hiyo ilipo: aliyezoea jua hulikwepa, asiye na uhakika nalo hulichukua lote siku lilipopatikana. Mgeni wa Afrika Mashariki anayetafuta kivuli huachiwa mti mzima peke yake, na mpita njia humuuliza kwa upole kama anajisikia vizuri.

Chakula nacho hubadilika siku hizo. Kando ya barabara za kusini-mashariki hutokea vibanda vya kuuza stroberi na viazi vipya kutoka Wexford, jimbo linalosifika kwa mazao hayo. Viazi huchemshwa na maganda yake, siagi ikapakwa juu, na hiyo kwa wengi ni karamu. Aisikrimu laini huzungushwa kwenye koni na kuchomekwa kijiti cha chokoleti. Foleni yake ni ya wazee kwa watoto. Jioni, soseji na nyama ya kusaga huchomwa kwenye majiko ya bati ya kutupwa, mara nyingi nje zimeungua na ndani bado, na mwandishi wa makala hii hana budi kusema kwamba mchoma mishikaki wa Forodhani asingepata usingizi kwa kuzitazama. Chai, hata nyuzi zikifika 30, hubaki chai ya moto yenye maziwa.

Nyumba haziko upande wa wakazi. Zilijengwa, na bado zinajengwa, ili joto lisitoke: kuta zilizozibwa, madirisha ya vioo viwili yanayofunguka kwa upenyo mdogo, na sera ya miaka mingi ya kuhimiza uzibaji zaidi ili kuokoa nishati. Feni za dari ni nadra, viyoyozi majumbani nadra zaidi. Siku ya tatu ya joto feni za mezani hutoweka madukani. Nyumba iliyopokea jua saa 17 haipoi katika usiku wa saa chache.

Mwaka uliowafundisha Waayalandi mengi ni 2018. Machi yake ilikuwa ya theluji iliyofunga barabara nchi nzima. Tarehe 28 Juni uwanja wa ndege wa Shannon ulipima nyuzi 32.0. Mvua ilikatika kwa wiki kadhaa. Tangu tarehe 2 Julai wakazi wa eneo la Dublin walipigwa marufuku kumwagilia bustani kwa mpira wa maji, na siku chache baadaye marufuku ikaenea nchi nzima. Ilikuwa vigumu kwa mgeni kuelewa jinsi nchi yenye mvua kiasi hicho inavyoweza kukaukiwa. Jibu liko kwenye miundombinu: nchi isiyowahi kuhofia kiu haikuwa na sababu ya kujenga akiba kubwa, na mabomba ya zamani huvujisha sehemu kubwa ya maji kabla hayajafika majumbani.

Ukame huo ulifichua kilichofichwa. Katika bonde la mto Boyne, karibu na kaburi la kale la Newgrange lenye umri wa miaka 5,000 hivi, mashamba yalinyauka na kuwa ya rangi ya majani makavu. Julai hiyo Anthony Murphy, mwandishi na mpiga picha wa eneo hilo, alirusha droni juu ya shamba moja akaona duara kubwa la mistari na madoa ya kijani ambalo hakuna ramani iliyokuwa nalo. Lilikuwa boma la ibada la watu wa kale. Palipochimbwa mitaro na mashimo ya nguzo maelfu ya miaka iliyopita, udongo uliojaza mashimo hayo hushika unyevu zaidi, hivyo mmea ulio juu yake hubaki kijani wenzake wakikauka. Mvua iliporudi, duara lilitoweka tena machoni. Kusini mwa Dublin, kwenye kilima cha Bray Head, moto wa vichaka vya miiba uliteketeza majani na kuacha wazi herufi kubwa za mawe zilizoandika jina la nchi, EIRE. Ziliwekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili marubani wajue wako juu ya nchi isiyofungamana na upande wowote, na zilikuwa zimefunikwa na kusahaulika.

Kusini-magharibi ya Dublin, barabara hufika Kilkenny, mji wa ngome ya mawe juu ya mto Nore. Rekodi ya joto ya taifa imetajwa hapa kwa zaidi ya karne: nyuzi 33.3, tarehe 26 Juni 1887, katika bustani za ngome. Watoto wa shule waliikariri. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Maynooth walirudi kwenye daftari za zamani, wakalinganisha namba hiyo na za vituo vya jirani vya siku ileile, na mwaka 2023 wakachapisha hoja kwamba haiaminiki: haipatani na majirani zake, na namna ilivyopimwa haikufuata kanuni. Ikiondolewa, kilele kinahamia Phoenix Park na nyuzi 33.0 zake. Kilkenny yenyewe haionekani kusumbuka sana. Ngome iko palepale, na mashindano ya mchezo wa hurling ndiyo yanayowaumiza watu kichwa huko.

Katikati ya kisiwa, mbali na upepo wa bahari, ndiko joto hupenda kukaa. Boora, katika jimbo la Offaly, ilipima nyuzi 32.5 tarehe 29 Juni 1976, rekodi ya karne ya 20. Ni nchi tambarare ya mboji, udongo mweusi uliojengeka kutokana na mimea iliyozama majini kwa maelfu ya miaka. Udongo huo, ukikauka juu, hupashwa haraka mchana na kupoa haraka usiku. Kwa vizazi vingi watu waliukata kwa umbo la matofali, wakayapanga kwenye vichuguu vidogo yapigwe na upepo, na kuyachoma jikoni majira ya baridi. Bord na Móna, shirika la serikali lililovuna mboji kwa mitambo, lilitangaza mwaka 2021 kwamba limeacha kabisa, kwa sababu za tabianchi. Sehemu ya Boora sasa ni hifadhi ya ndege, maziwa na sanamu. Familia kadhaa bado hukata yao, na kwao wiki ya jua ni wiki ya kazi, si ya pwani.

Mkulima wa huko ana hesabu yake ya siku. Majani ya mifugo yakikatwa huhitaji siku tatu au nne kavu yageuzwe na kufungwa. Mvua ikiyakuta chini, yanaoza. Kwa hiyo utabiri wa redio husikilizwa jikoni watu wakiwa wamenyamaza. Jua likizidi, hata hivyo, malisho huacha kuota, na mwaka 2018 wafugaji walilazimika kuwalisha ng'ombe akiba ya baridi katikati ya kiangazi. Lami ya barabara ndogo iliyeyuka, halmashauri zikamwaga vumbi la kokoto juu yake. Mzee dukani akijipepea kwa gazeti kwenye nyuzi 28 hatanii anaposema mwili hauwezi. Ng'ombe wake, tofauti na wa Shinyanga, hakuzaliwa kwa ajili hiyo.

Imani za jua ziko nyingi, na hazigombani na setilaiti. Inasemwa kila mwaka kwamba jua hutokea Juni, wiki ya kwanza ya mtihani wa mwisho wa sekondari, ili watahiniwa waliofungiwa ndani walione dirishani. Bibi harusi anayetaka siku kavu hushauriwa na shangazi zake kuweka nje usiku wa kuamkia ndoa sanamu ndogo ya Mtoto Yesu wa Praha. Mvua ya tarehe 15 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Swithin, huambiwa itaendelea siku arobaini. Wengi husema hayo wakitabasamu, kisha sanamu huwekwa nje.

Kaskazini-magharibi, hesabu yenyewe hubadilika kwa kuvuka mpaka. Castlederg ni mji mdogo wa Ayalandi ya Kaskazini, ndani ya Uingereza, si mbali na Donegal iliyo ya Jamhuri. Tarehe 21 Julai 2021 ulipima nyuzi 31.3, rekodi ya Ayalandi ya Kaskazini, siku nne tu baada ya rekodi iliyotangulia kuwekwa Ballywatticock. Mji huohuo ndio wenye rekodi ya baridi ya eneo hilo: nyuzi 18.7 chini ya sifuri, Desemba 2010. Bonde lake hukusanya hewa, ya moto na ya baridi. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza hutangaza wimbi la joto huko baada ya siku tatu za nyuzi 25. Ng'ambo ya mpaka, ambako jua ni lilelile na ng'ombe ni wa aina ileile, Met Éireann husubiri tano. Watu wa mpakani wamezoea mambo yanayogeuka kwa jinsi hii, kuanzia sarafu mpaka vibao vya mwendokasi, na hili haliwashangazi.

Mwisho wa wimbi huonekana kwanza magharibi. Rasi ya Mullet, Mayo, imetokeza Atlantiki, na kwenye ncha yake ya kusini uko mnara wa taa wa Blacksod. Hapo, usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni 1944, Maureen Flavin, mfanyakazi wa posta aliyekuwa anatimiza miaka 21 siku hiyo, alisoma kipimo cha mgandamizo wa hewa na kukuta unashuka. Ayalandi haikuwa vitani lakini ilikuwa ikituma taarifa za hali ya hewa London. Simu ilipigwa kutoka Uingereza kumtaka ahakiki, kisha ikapigwa tena. Kwa taarifa zile Jenerali Eisenhower aliahirisha uvamizi wa Normandia kutoka tarehe 5 hadi 6 Juni. Bi. Flavin, aliyeolewa na mlinzi wa mnara, hakujua kwa miaka mingi kipimo chake kilitumika wapi. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 100. Jiografia iliyompa habari mapema haijabadilika. Ukanda wa mawingu ukitoka baharini hufika Belmullet, mji ulio kwenye rasi hiyo, asubuhi, joto likashuka nyuzi nane kabla ya chakula cha mchana, wakati Dublin bado wanatandika mataulo ufukweni. Jioni zamu yao huja.

Kinachobadilika ni wastani. Kwa takwimu za Met Éireann, miaka 30 ya 1991 hadi 2020 ilikuwa na joto la nyuzi 0.7 zaidi ya ile ya 1961 hadi 1990, na mvua nayo iliongezeka. Juni 2023 ndiyo Juni ya kwanza katika kumbukumbu ambayo wastani wa nchi ulipita nyuzi 16. Julai iliyofuata ikawa Julai yenye mvua nyingi kuliko zote zilizorekodiwa. Kiangazi cha 2025 nacho kilitangazwa kuwa cha joto kuliko vyote, kikakipita kile cha 1995, bila siku moja iliyofika nyuzi 33. Kilichokipandisha zaidi ni usiku: joto la chini, linalosomwa alfajiri watu wakiwa wamelala, lilikataa kushuka kama zamani. Hilo haliingii katika kanuni ya siku tano, ambayo huhesabu mchana peke yake.